Pikapu Husomwa Kuanzia Nyuma

Mnunuzi akiingia yadi ya magari, macho humpeleka mbele ya pikapu: bampa, taa, rimu, boneti. Muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana taa zilizofifia husuguliwa zikang'aa, injini ikaoshwa kwa mafuta ya taa na matairi yakapakwa dawa, huku chini ya bodi ya nyuma hakuna aliyeinama hata mara moja. Lakini pikapu ni gari la nyuma. Kebini ni ya dereva. Unacholipia ni bodi, chesesi, springi, ekseli na breki za nyuma, na ugomvi mwingi wa baadaye kati ya mwenye gari na fundi wake huanzia huko.

Nitazungumzia zaidi Hilux ya Toyota, kwa kuwa ndiyo iliyoenea Tanzania na Kenya na spea zake huzikosi hata mji mdogo. D-Max ya Isuzu, Ranger ya Ford na Land Cruiser zitapita humu zikihitajika.

Kabla ya jina la gari, andika mzigo wako kwa kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Gunia la mahindi lililopimwa kwa haki ni kilo 100, lumbesa ni zaidi. Mchanga ndio unaodanganya watu kuliko vyote. Bodi ya dabo kebini, yaani pikapu yenye safu mbili za viti, ina urefu na upana wa kama mita moja na nusu, na kina kisichofika nusu mita. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa hukaribia tani mbili, kwa hiyo bodi hiyo ikijazwa mpaka mdomoni umepakia tani moja na nusu au zaidi kwenye gari ambalo kiwanda kimeliruhusu tani moja hivi, mara nyingi pungufu.

Na hiyo tani moja si ya mzigo peke yake. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Kenopi ya chuma, bampa nzito na keria vikifika kilo 150, umeshatumia nusu ya tani kabla hujapakia kitu. Dabo kebini ya namna hiyo inabakiwa na mifuko 10 ya saruji. Hakuna wa kukukumbusha barabarani, maana sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inapeleka mizanini magari ya kuanzia kilo 3,500, na Hilux iliyopakiwa kihalali haifiki huko. Zinazopima ni springi.

Mahali mzigo unapokaa pana uzito wake pia. Hilux ya dabo kebini, ile ya 2005 na hii iliyoifuata mwaka 2015, ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka kilo 300 kwenye mlango wa nyuma wa bodi, mita moja nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 300, inabeba karibu 400, kwa sababu mzigo huo umeinua kama kilo 100 kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Ndipo usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika vilele vya miti, na breki za mbele zinakosa mshiko kwenye lami iliyolowa. Kwa hiyo vizito, yaani saruji, betri, jenereta na ngoma za mafuta, vikae vimegusana na ukuta wa kebini, na godoro ndilo liende mlangoni.

Singo kebini ina bodi ya zaidi ya mita mbili, na sehemu kubwa ya mzigo wake hukaa mbele ya ekseli au juu yake. Kwa mtu wa mzigo, hiyo ndiyo pikapu. Dabo kebini ni gari la familia lenye sehemu ya mizigo, na hakuna ubaya, mradi mwenyewe ajue amenunua nini. Anayeyumba kati ya hizo mbili atafute ile yenye nafasi ndogo nyuma ya viti vya mbele: bodi yake ni ndefu kuliko ya dabo kebini, na mkoba, jeki na spana havilali mvuani.

Lala chini

Nenda yadi na turubai dogo au boksi la kulalia, tochi, bisibisi bapa na tepu ya kupimia. Kabla ya kulala, simama kama mita tano ubavuni, gari likiwa mahali tambarare, uangalie uwazi kati ya kebini na bodi. Unatakiwa uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kuna uwezekano mkubwa chesesi imelala nyuma ya kebini, na hapo ndipo dabo kebini zilizobebeshwa kupita kiasi hupinda. Fundi wa kuchomelea atakuambia ataweka bamba. Bamba huhamisha tatizo, kwa sababu chesesi hupasuka tena palipoishia bamba.

Sasa lala. Hesabu majani ya springi kulia na kushoto, yalingane. Jani lililoongezwa hujulikana kwa rangi au kutu isiyofanana na wenzake. Pitisha tochi karibu na senta bolti, ile inayopita katikati ya majani na kuyashika pamoja, kwa kuwa jani hupenda kupasuka hapo, lilipotobolewa. Kichwa cha senta bolti huingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli na kuizuia isitembee. Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea, senta bolti hubeba kazi isiyo yake, hukatika, na upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma. Gari hilo huenda mshazari, na njia za matairi ya nyuma hazifuati za mbele. Tepu ndiyo inayoumbua hapa: pima kutoka pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kulia kisha kushoto. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita tano, uliza kilichotokea.

Springi zikifunguliwa kwa sababu yoyote, yu-bolti ziwe mpya. Za zamani zimeshanyooka na nyuzi zake zimechoka. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 500. Fundi hatakukumbusha, na wewe utakumbuka ukisikia mlio.

Kuongeza jani kunahitaji kusimama kidogo, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Hilux nyingi zisizo na ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, zina valvu ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chesesi juu ya ekseli ya nyuma. Kutoka kwenye valvu hiyo kuna fimbo inayoshuka na kushikwa kwenye ekseli. Ukipakia mzigo, chesesi inashuka, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu shinikizo zaidi la mafuta ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, chesesi iko juu, na valvu inapunguza shinikizo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Kazi yake yote ni kusoma urefu.

Sasa fundi anaongeza majani mawili. Nyuma inanyanyuka sentimita nne au tano, na hata ukipakia tani moja gari linabaki limesimama. Valvu inasoma urefu na kuamini kwamba hakuna mzigo. Breki za nyuma zinapewa shinikizo la gari tupu, na za mbele zinafanya kazi ya magurudumu manne. Dalili zake ni pedi za mbele kuisha haraka, diski kupinda hadi usukani unatetemeka ukikanyaga breki, na harufu ya kuungua kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, Sekenke au ule wa Mai Mahiu. Mwenye gari hubadilisha pedi, kisha diski, kisha anailaumu Hilux.

Dawa ni rahisi. Kipande kinachoshika fimbo upande wa ekseli kiinuliwe kwa kiasi kilekile ambacho gari limenyanyuka, kisha breki zipimwe kwenye mashine ya roli, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu. Wapo mafundi wanaoifunga fimbo kwa waya ikae juu moja kwa moja. Gari likiwa na mzigo hutaona shida. Siku linarudi tupu kwenye mvua, nyuma inafunga kwanza na gari linageuka. Ukikuta waya hapo wakati wa kukagua, jua fundi aliyepita alikuwa wa namna gani, na ukague kila alichogusa.

Neno moja kuhusu shokapu: hazibebi mzigo. Anayekuuzia shokapu nene ili gari lisikae nyuma amekuuzia kitu kisichohusika. Shokapu hutuliza mtikisiko, na adui yake ni barabara ya rasta, yaani ya vumbi yenye mikunjo midogo mfululizo, ambapo mafuta ndani yake huchemka na sili kuanza kuvuja.

Ukiwa bado chini, tazama difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo chenye kofia. Ekseli ikipata moto, hewa hutoka hapo. Kikizibwa na tope, shinikizo hutafuta njia nyingine, na njia hiyo ni sili za shafti. Oili ya difu inaingia kwenye ngoma za breki na kulowesha viatu vya breki. Ukiona unyevu mweusi ndani ya rimu ya nyuma, usikubali maelezo kwamba ni sili tu. Sili ibadilishwe, viatu vilivyolowa vitupwe, na kipumulio kifunguliwe, la sivyo sili mpya itavuja mwezi ujao. Ekseli ya moto ikiingia mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji. Baada ya kuvuka maji yanayofika ekseli, legeza nati ya kujazia difu uchungulie. Oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo. Anayevuka mito kila masika aweke mpira mwembamba kutoka kwenye kipumulio hadi juu ya bodi. Ni kazi ya nusu saa.

Kutu nayo ina historia yake. Pikapu iliyobeba samaki hudondosha maji ya barafu na chumvi kwenye chesesi kwa miaka mingi, na hakuna anayeiosha chini. Zilizotoka Uingereza zimetembea barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gonga chesesi kwa mpini wa bisibisi karibu na vishikio vya springi za nyuma na juu ya tairi la akiba. Chuma kizima hulia, kilichooza kinatoa sauti butu. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini nzima ni sababu ya kugonga kwa nguvu zaidi.

Limetoka wapi

Namba ya chesesi ya Hilux imegongwa kwenye chuma cha chesesi upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Herufi zake za kwanza husema kiwanda: MR0 ni Thailand, AHT ni Afrika Kusini. Zilingane na kibati na kadi, na chuma kinachozizunguka kisiwe kimesagwa wala kupakwa rangi upya.

Tangazo likisema Hilux ya mwaka 2010 iliyotumika Japani, uliza mara mbili. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, ikitokea Thailand. Vigo, yaani ile Hilux ya 2005, yoyote ya katikati ya miaka hiyo imetumika kwingine: Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, Australia, au hapahapa. Si ubaya, lakini kauli ya kwamba iliendeshwa na mzee wa Kijapani kwenye lami safi haina msingi. Iliyotoka Thailand ikaguliwe reli za viti na chini ya zulia, kwani nchi hiyo ilikuwa na mafuriko makubwa mwaka 2011, na matope makavu hujificha humo hata baada ya kuoshwa.

Hizi mpya za Japani, zenye injini ya 2.4, zinatumia maji ya urea kusafisha moshi na zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kabla ya kuagiza, hakikisha mji wako unauza urea na una fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Safari fupifupi za mjini huziba kichujio hicho, kwa sababu hakipati moto wa kutosha kujisafisha.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane wala la usukani wa kushoto. Tanzania huruhusu la zamani zaidi lakini hulipandishia kodi, kwa hiyo piga hesabu ya jumla kwa kikokotoo cha mamlaka ya mapato, usitazame bei ya melini. Walioko Kongo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita kulia, wana soko la Dubai. Huko Hilux nyingi ni za petroli ya 2.7. Inakunywa zaidi, ila haina nozeli za dizeli wala pampu ya shinikizo kubwa ya kukunyima usingizi, na kwa mwenye safari chache kwa mwezi hesabu yake si mbaya.

Sasa fungua boneti

Injini za zamani za dizeli za 3L na 5L hazina tabo (turbo), hazina haraka, na fundi yeyote wa wilayani anaziweza. Ugonjwa wake ni joto: zikichemka mara moja, silenda hedi hupasuka. Ukikuta fundi aliondoa themostati ili injini isichemke, tatizo la rejeta bado lipo, na injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi na kujila taratibu.

Injini za dizeli za D-4D za Vigo, yaani 2KD ya 2.5 na 1KD ya 3.0, ni injini nzuri zenye kasoro moja inayoua. Kila nozeli, kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silenda, hukaa juu ya washa (pete bapa) ya shaba inayozuia moto wa silenda usipande. Washa ikichoka, gesi ya moto hupenya hadi chini ya kava ya tapeti na kuipika oili. Oili inageuka lami nyeusi na vipande vya kaboni, vipande vinashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, vinaziba chujio la pampu ya oili. Pampu inavuta, haipati. Beringi za krenki zinakauka na injini inanoki. Taa ya oili inapowaka, mara nyingi kazi imeshakwisha, na watu husema gari limenoki ghafla. Halikunoki ghafla, lilichukua maelfu ya kilomita.

Ukinunua, washa injini ikiwa baridi kabisa. Usikubali kuikuta imeshapashwa moto. Sikiliza mlio wa chu-chu-chu unaofuata mzunguko. Ikipata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta: mvuke kidogo ni kawaida, kupumua kwa nguvu si kawaida. Chungulia ndani ya tundu hilo kwa tochi, utafute ukoko mweusi mgumu. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka dizeli maana yake mabomba madogo ya kurudisha mafuta ya nozeli, yaliyo ndani ya kava, yanavuja, na dizeli inaifanya oili yako kuwa nyepesi.

Ukishanunua na huna rekodi, usisubiri. Badilisha washa zote nne, pamoja na washa za mabomba ya kurudisha mafuta. Kikalio cha kila nozeli kisafishwe kaboni yote kabla ya washa mpya kukaa. Washa iliyotumika hairudi hata kama inaonekana nzima. Mabomba ya kurudisha yapimwe kwa presha kabla kava haijafungwa, vinginevyo utaifungua tena. Kisha sampu ishuke, chujio litazamwe kwa macho. Wengi wanaojali hurudia washa kila kilomita 40,000 hadi 50,000. Fundi akisema nozeli mpya zinahitajika, muulize kama ana mashine ya kuingiza misimbo, kwa sababu nyingi huja na msimbo juu yake unaopaswa kuandikwa kwenye kompyuta ya gari. Bila hivyo, silensa hukaa vibaya na moshi hauishi.

Kuna pia kivalvu kinachopima mafuta kwenye pampu ya shinikizo. Kikichoka, silensa hupanda na kushuka, au gari huzima ukiachia mafuta kwenye mzunguko wa barabara. Kimefungwa kwa bolti mbili, na hubadilishwa peke yake. Anayekuuzia pampu nzima kwa dalili hizo hajajaribu.

Injini hizi zina mkanda wa taimingi. Taa ya mkanda huwaka kwenye dashibodi ukifika wakati wake, na huzimwa kwa dakika moja bila mkanda kuguswa. Kwa hiyo taa kutokuwaka si ushahidi wa kitu. Kwa gari lisilo na kumbukumbu, badilisha mkanda, tenshena na roli yake pamoja, kisha andika kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye kava ya plastiki. Injini za GD zilizokuja na Hilux ya 2015 zina mnyororo. Land Cruiser ya 1HZ, ile ya 4.2 inayosifiwa haifi, ina mkanda pia, na wako wanaoiendesha miaka bila kulijua hilo.

Ranger ya 2.2 au 3.2 ina jambo ambalo fundi wa kawaida hulikosa kwa nia njema. Mafundi wetu hupenda kuacha oili ichuruzike mpaka tone la mwisho, hata usiku kucha. Kwenye injini hizo pampu ya oili hupoteza mvuto ikikaa tupu, na ikiwashwa inazunguka kavu. Oili nje, chujio jipya, oili ndani, yote yasizidi dakika 10. D-Max za 2.5 na 3.0 hazina adabu hiyo na mnyororo wake hudumu, ndiyo maana wakulima wengi wa Kenya, ambako zinaunganishwa Nairobi, hawana hamu na Hilux.

Dizeli yenyewe imeboreka. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na bila hiyo injini hizi mpya zisingedumu. Kilichobaki ni maji, hasa kwenye mafuta ya madumu. Chini ya chujio la dizeli kuna plagi ya kutolea maji. Weka chupa inayoonyesha ndani, legeza plagi mizunguko miwili, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka dizeli itoke safi, kaza. Fanya hivyo kila unapobadilisha oili, na siku taa ya maji ikiwaka fanya papo hapo kandokando ya barabara. Pampu inayofika shinikizo la megapaskali 160 hailainishwi na kitu kingine isipokuwa dizeli hiyohiyo.

Kuishi nayo

Oili ya injini kila kilomita 5,000, kama lita saba kwa 1KD na 2KD, hata kama kopo linadai 10,000. Grisi kwenye krosi (viungio) na shingo ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kila mara hiyo, na mara tu baada ya safari ya tope. Ingiza mpaka grisi ya zamani ianze kutoka pembeni. Mlio wa kengele unapoachia klachi ni krosi inayoomba, na ikikatika kwenye mwendo, propela hupiga kila kilicho juu yake.

Chujio la hewa lisipulizwe kwa presha ya gereji ya matairi, maana karatasi yake hutoboka matundu yasiyoonekana. Ligongwe taratibu, au lipulizwe kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje. Kisha fungua mpira unaokwenda kwenye tabo, upitishe kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, kuna klipu iliyolegea au chujio la bandia, na tabo inakula mchanga. Ya bandia yamejaa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maboksi mazuri kuliko ya halali. Kamua mpira wa ukingoni: wa bandia mara nyingi ni mgumu na haukai sawasawa kwenye nyumba yake.

Magurudumu manne ya Hilux hayana difu ya katikati, kwa hiyo ukiweka H4, yaani ukiyaunganisha yote manne yavute, kwenye lami kavu ukakata kona, mbele na nyuma vinavutana mpaka lever inakataa kutoka. Ukishafanya hivyo, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia. Upande wa pili, usiiache mwaka mzima bila kuitumia. Kitabu cha gari kinataka angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kwenye difu ya mbele, na barabara ya vumbi inatosha.

Matairi yawe ya mzigo, yenye herufi C. Tairi la 205R16C lenye namba 110 limeruhusiwa kilo 1,060. Tairi la gari dogo lenye upana huohuo halifiki huko hata likijazwa upepo. Tarakimu nne ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo wa mzigo umeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na ukishusha mzigo, punguza, maana tairi gumu kwenye rasta hurushwa na nyuma inacheza ngoma. Kwenye mchanga shusha hadi psi 18 au 20, nenda taratibu, kisha jaza kabla ya kurudi lamini.

Baada ya safari ndefu ya rasta kagua bolti za kenopi, kishikio cha betri na bolti za bodi kwenye chesesi. Betri iliyolegea huvunjika kwa ndani na hulaumiwa altaneta.

Tairi la akiba liko chini ya bodi, linapigwa na tope lote, na mnyororo wake hushika kutu mpaka siku ya pancha haushuki. Lishushe kila baada ya miezi mitatu, pima upepo, paka mnyororo na kifaa chake grisi, hakikisha fimbo na mpini wa jeki bado vipo nyuma ya kiti, maana hivyo huazimwa visirudi. Ukilipandisha, kaza mpaka lisicheze hata kidogo, na utie kufuli. Mjini tairi hilo huondoka usiku mmoja, na mwenye gari hujua siku ya pancha inayofuata.